Mwongozo kamili wa kupiga kwa mguu wa mbele kwenye kriketi, kwa nyie mnaopiga hatua na bado mnatolewa

Haya jamani. Wiki haipiti bila mtu kunitumia video ya sekunde kumi, yuko neti (pale tunapofanyia mazoezi), mpira umedondoka palepale karibu yake, kapiga hatua ndefu nzuri kabisa, alafu kijiti, kimoja kati ya vile vitatu anavyovilinda, kinaruka nyuma yake. Swali ni lilelile, "kocha mguu si nimepeleka, nakosea wapi sasa?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka kidole gumba kinauma kwahiyo leo naandika yote.

Jibu lenyewe ni hili: jina ndo linawapoteza. Tunaita mguu wa mbele, basi mtu anapeleka mguu. Kinachotakiwa kutangulia ni kichwa, mguu unakuja tu kukibeba. Hatua zote huko chini zinarudi hapohapo.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema gongo siyo ile ya kunywa, ni lile la kupigia mpira. Nikisema mkeka ni ule tunaochezea juu yake, siyo ule wa kubashiri, ingawa mikeka yote miwili huwa inachanika. Mpira wa karibu ni ule unaodondoka karibu na miguu yako, mpira mfupi ni ule unaodondoka mbali ukakujia kwa juu. Naandika kwa mtu wa mkono wa kulia, yaani mguu wa mbele ni wa kushoto, kama we ni wa mashoto geuza kila kitu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Gongo linalokutosha. Hili wengi wanalidharau, wanaazima gongo la kaka mtu mzima alafu wanalalamika kiwiko hakipandi, kitapandaje na umebeba mlango? Shika mpini kwa mkono wa kushoto peke yake, nyoosha mkono mbele usawa wa bega, hesabu mpaka kumi na tano. Likianza kushuka kabla hujamaliza ni zito kwako. Mimi mwenyewe nilicheza misimu miwili na gongo la kuazima kisa lina stika nzuri, nikawa nadakwa kava, yaani na yule anayesimama mbele upande wangu wa kulia, kila jumapili, nikidhani tatizo ni macho.

Mipira ya tenisi minne au mitano. Mpira mgumu mmoja, wa mwishoni kabisa. Ule wa wanaume wakubwa una gramu 156 mpaka 163 na ni mgumu kama kokwa la embe, usiuanze nao.

Pedi, glavu, helmeti na kikinga cha sehemu nyeti ukifika kwenye mpira mgumu. Hapo hakuna mjadala.

Soksi moja ndefu ya mpira wa miguu, kamba, na tawi la mti au kenchi la banda.

Ndala jozi mbili za kuweka alama chini. Chaki. Simu yenye kamera. Na mtu wa kukurushia ambaye hana haraka ya kwenda kwao.

Viatu: kama mnacheza juu ya mkeka uliotandikwa kwenye zege, kama viwanja vingi vya shule, vaa raba za soli bapa. Njumu za vyuma zinateleza kwenye zege na zinakula mkeka. Alafu kabla ya kupiga hata mpira mmoja tembea juu ya mkeka, angalia umekazwa pembe zote, mkunjo mmoja tu pale mguu wako unapotua unatosha kukutegua kifundo.

Hatua ya 1: Shika gongo kama shoka

Lilaze chini, uso wake ukiangalia ardhi, mpini ukuelekee. Inama liokote kwa mikono miwili kama unaokota shoka uende kupasua kuni. Basi, umeshika sawa. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, mikono imegusana, na zile V mbili zinazotokea kati ya kidole gumba na cha shahada ziko kwenye mstari mmoja kushuka mgongo wa gongo, zimeelekea kidogo upande wa nje.

Sababu: kwenye mguu wa mbele bosi ni mkono wa juu. Mkono wa chini ukikaza, uso wa gongo unajifunga na mpira unapaa kwa midoni, pale karibu na mrushaji upande wa kushoto kwako, kijana wa pale anadaka bila kusogea. Kwahiyo mkono wa chini shika kwa kidole gumba na cha shahada tu, vile vidole vingine vikae kama vya mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto.

Umefanikiwa kama mtu akija kulivuta gongo kutoka chini linaponyoka kwenye mkono wako wa kulia kirahisi lakini wa kushoto umeling'ang'ania.

Hatua ya 2: Simama kama mtu anayesubiri kitu

Miguu upana wa mabega, mstari wa krizi, ule uliochorwa mbele ya vijiti, uwe katikati yake, vidole vikiangalia upande wa ofu, yaani ule ulio mbele ya kifua chako. Magoti yamelegea. Uzito uko mbele ya nyayo, siyo kwenye visigino, jaribu kumwambia mwenzio akusukume kifua taratibu, ukirudi nyuma hatua nzima ulikuwa umekaa visiginoni.

Kichwa. Geuza kidevu mpaka kiguse bega la kushoto, macho mawili yote yamwangalie mrushaji, na yawe sawa kama pima maji ya fundi. Ukiinamisha kichwa upande wa ofu, na wengi wanainamisha kwasababu wanaegemea gongo kama mzee na mkongojo, mwili wote utaangukia huko na mpira wa miguuni, yaani wa upande wa mgongo wako, utaukosa.

Mrushaji akikaribia kuachia, gongo tayari liko juu, limeelekea nyuma usawa wa slipu ya kwanza, yule mdakaji anayesimama pembeni ya kipa. Usisubiri mpira udondoke ndo uanze kunyanyua. Piga hesabu: kutoka krizi mpaka krizi ni kama mita 17.7, mpira wa kilomita 110 kwa saa unafika kwa sekunde 0.6 hivi. Ukitumia nusu ya muda huo kunyanyua gongo, hiyo hatua utaipiga saa ngapi?

Hatua ya 3: Soma mpira kabla hujasogea

Hapa hakuna kupiga. Nasema tena, hakuna kupiga, maana najua mtakavyofanya.

Weka ndala jozi ya kwanza hatua tatu za kawaida mbele ya krizi yako, jozi ya pili hatua sita. Mwenzio arushe mipira ya tenisi kwa kasi ya wastani. Kazi yako ni kusema kwa sauti kabla mpira haujagusa chini: "piga" kama utadondoka kabla ya ndala za karibu, "zuia" kama utadondoka kati ya ndala na ndala, "rudi" kama ni mfupi zaidi ya hapo. Piga na zuia ni mguu wa mbele. Rudi ni mguu wa nyuma, na huo siyo wa leo.

Utajuaje mapema? Angalia mkono wa mrushaji, siyo ardhi. Mpira ulioachiwa mapema unatoka mkononi ukipanda kidogo, huo unakuja karibu. Ulioachiwa kwa kuchelewa unatoka umeelekea chini, huo ni mfupi. Siku mbili tatu za kupiga kelele bila kupiga mpira zinafundisha macho kuliko mwezi wa kupiga ovyo, ila ndo hivo wengi wanaona aibu kusimama neti wanapayuka.

Akiwa spina, yaani mrushaji wa taratibu anayezungusha mpira, sogeza ndala za mbali hatua mbili karibu na wewe, kwasababu mpira wake ni wa taratibu na unapata muda wa kurudi nyuma hata kwa mpira ambao kwa mrushaji wa kasi ungelazimika kwenda mbele.

Umefanikiwa ukipatia nane kati ya kumi. Chini ya hapo usiende hatua ya 4, utakuwa unajifunza kupeleka mguu kwa mpira usiostahili, alafu hiyo tabia kuitoa ni kazi.

Hatua ya 4: Kichwa kwanza, mguu baadaye

Hapa ndo penyewe. Soma taratibu.

Weka gongo pembeni. Simama miguu pamoja, mikono imening'inia. Acha kichwa kianguke mbele, kichwa tu, kama mtu anayesinzia kwenye daladala, usipige hatua, subiri, subiri, mpaka unakaribia kuanguka kweli. Mguu wa kushoto utatoka wenyewe kukukamata. Hukuuamuru. Umeona ulipotua? Chini ya kichwa. Goti limekunjika, kidevu kiko juu ya goti, kisigino cha nyuma kimenyanyuka. Hiyo ndo hatua ya mguu wa mbele, mwili wako ulikuwa unaijua tangu una mwaka mmoja unajifunza kutembea, tatizo ni sisi makocha tuliokuja kukuambia "peleka mguu".

Rudia mara ishirini. Alafu simama kiubavu kama unapiga, rudia tena ishirini, sasa kinachoanguka ni kichwa pamoja na bega la kushoto, na vinaangukia kwenye mstari wa mpira. Mwenzio asimame mbele aonyeshe kwa kidole mstari wa ofu, wa kati, wa nje ya ofu, we unakifuata kidole kwa kichwa.

Kwanini ni lazima kichwa kitangulie? Mguu ukienda peke yake kichwa kinabaki nyuma juu ya mguu wa kulia, na uzito unabaki nacho. Hapo mikono inalazimika kuufuata mpira mbali na mwili, gongo linafika likiwa limelala, mpira unapaa. Au halifiki kabisa na kati ya gongo na pedi kunabaki mlango ambao mbuzi anapita.

Mguu utue wapi? Pembeni ya mstari wa mpira, upande wa ndani, siyo juu ya mstari. Vidole vielekee kava hivi, siyo moja kwa moja kwa mrushaji, hapo nyonga inapata nafasi. Ukitua juu ya mstari wenyewe, pedi inakuwa mbele ya gongo, itabidi gongo lizunguke pedi kama gari linalokwepa shimo, na ampaya, yaani mwamuzi, pale anasubiri kunyoosha kidole akutoe.

Mpira ukija kwenye kijiti cha miguuni, hatua iwe fupi na mguu ufunguke kidogo, usivuke kwenda ofu.

Sasa chaki. Paka soli ya kiatu cha mbele, chaki nyingi, alafu cheza mipira kumi na mbili ya kurushiwa kwa chini, mwenzio abadilishe mstari na umbali kila mara. Ukimaliza angalia chini. Kuna dogo mmoja nilimfanyia hii jioni moja, alikuwa amenilalamikia mwezi mzima kwamba anasoma mpira vizuri ila bahati yake mbaya. Tukainama wote kuangalia. Mipira kumi na mbili, alama moja. Yaani unyayo mmoja mweupe umekolea kama umechorwa kwa brashi, palepale, mbele ya kijiti cha kati. Mpira wa ofu, palepale. Mpira wa miguuni, palepale. Akaniangalia akasema, "kocha labda kwasababu kiatu changu ni kikubwa."

Hakuwa anasoma mpira, alikuwa anaamua kabla haujaachiwa. Alama zako zikiwa moja, rudi hatua ya 3. Zikitawanyika kufuata mipira, na nyingi ziko pembeni ya mstari wa mpira husika, songa mbele. Futa chaki baadaye, mwenye uwanja asije kukufukuza.

Tahadhari: mguu wa nyuma. Kisigino kinanyanyuka lakini vidole vibaki chini, nyuma ya mstari wa krizi. Kukanyaga mstari tu haitoshi, mstari siyo wako, lazima kitu chako kiwe kimegusa chini nyuma yake. Kipa akisimama karibu na vijiti kwa spina, ukikosa mpira na vidole vimeburuzika mpaka kwenye mstari, anaangusha vijiti, umetoka na utakuwa huna wa kumlaumu.

Hatua ya 5: Kuzuia, mpaka mpira ufe miguuni

Watu wanataka kuruka hii waende kwenye draivu, ile shoti ya kuupeleka mpira mbele. Draivu ni hii hii, imeongezewa mkono.

Mwenzio asimame mita nane hivi, arushe mpira wa tenisi kwa chini, udondoke eneo la "zuia". Kichwa na bega vinaenda, mguu unatua, gongo linashuka wima karibu kabisa na pedi, mpini ukiwa umetangulia mbele ya uso wa gongo ili mpira uelekee chini. Mpira ugongwe chini ya macho yako. Siyo mbele huko, chini ya macho. Ukitaka kuona mtu anayeusubiri mpira mpaka unamfika puani tafuta video za Kane Williamson, mpigaji wa New Zealand, akizuia, haonekani kama ana haraka na dunia hii.

Mikono laini. Mpira ukigonga gongo usiusukume, fanya kama unapokea yai. Sababu ni wale waliosimama karibu yako wamechuchumaa, wanasubiri mpira uruke hatua mbili tu.

Ukishagonga, ganda. Usisogee mpaka uhesabu tatu. Ukiyumba au ukilazimika kuvuta mguu wa nyuma ili usianguke, kichwa hakikuwa juu ya goti, na hiyo sihitaji hata video kuijua.

Kwa spina badilisha kitu kimoja: gongo litangulie mbele ya pedi kidogo, usilifiche nyuma yake. Ukilificha, mpira unagonga pedi kwanza na hapo ni LBW, yaani unatolewa kwa kuzuia kwa mguu mpira uliokuwa unaenda kwenye vijiti, au unagonga gongo ukaruka pedi ukadakwa. Na ujue sheria ikusaidie: mpira uliodondoka nje ya kijiti cha miguuni hauwezi kukutoa LBW kabisa, na uliokugonga nje ya mstari wa kijiti cha ofu hauwezi kukutoa kama ulikuwa umejaribu kupiga kweli. Ukiwa umenyanyua gongo juu unaangalia tu, huo ulinzi wa pili haupo.

Umefanikiwa kama mipira kumi mfululizo imefia ndani ya mita mbili kutoka miguuni kwako, na hakuna hata mmoja uliopita kati ya gongo na pedi.

Hatua ya 6: Soksi, alafu draivu

Ingiza mpira wa tenisi kwenye soksi, funga, ning'iniza kwenye tawi la mwembe mpaka mpira uwe usawa wa katikati ya ugoko wako. Shika gongo kwa mkono wa kushoto tu, ikikushinda likamate chini kidogo ya mpini. Kichwa, bega, hatua, gonga. Uache urudi, ugonge tena.

Soksi haidanganyi. Ukigonga kwa uso ulionyooka, mpira unaenda na kurudi kwenye mstari mmoja kama bembea. Ukiwa umegonga kwa kupindisha, unarudi ukizunguka kama kishada kilichokatika mkia. Huhitaji kocha, mpira wenyewe unakuambia. Fanya hamsini kila siku, nyumbani, hata ukiwa umevaa kanga, ila toa nguo kwenye kamba kwanza.

Ukiweza kugonga mara tano mfululizo bila kuzunguka, rudi na mikono miwili, twende draivu.

Mwenzio apige goti upande wako wa ofu, mita mbili pembeni, asikae mbele yako hata kidogo. Adondoshe mpira wa tenisi kutoka usawa wa bega, uruke mara moja, na ukigusa chini mara ya pili ndo unaupiga, palepale unapoanza kunyanyuka. Kichwa kinaenda, mguu unatua, kiwiko cha kushoto kinapanda kikielekea unapotaka mpira uende, gongo linafuata. Mkono wa chini unaingia mwishoni tu, kidogo, kama chumvi.

Usitumie nguvu. Najua inauma kusikia. Gongo likifika kwa wakati kwenye mpira wa karibu, mpira unakimbia wenyewe. Angalia Babar Azam, mpigaji wa Pakistan, akipiga draivu ya kava, simamisha video pale gongo linapogusa mpira: kichwa kiko juu ya mpira, goti limekunjika, mkono hauna papara. Mtu anaona ile shoti anadhani siri ni mkono, siri iko shingoni.

Umefanikiwa kama mpira unabingirika chini tangu unatoka kwenye gongo, unapita kati ya ndala mbili ulizoweka mita kumi mbele, na we umebaki umeganda bila kuyumba. Ukiruka hewani, hata ukienda mbali na washkaji wakapiga kelele, hesabu umekosa.

Hatua ya 7: Mkeka unavyobadilisha mambo

Video nyingi za mafunzo zimepigwa kwenye viwanja vya udongo na majani, alafu we unakuja kuziiga kwenye zege lenye mkeka unashangaa mpira unakugonga glavu. Mkeka, hasa ule wa nyuzi za makumbi ya nazi, unarusha mpira juu zaidi, na ukiwa wa spina unaushika na kuukata zaidi. Mpira ambao kwenye udongo ungefika magotini, hapa unafika kiunoni.

Kwahiyo ndala za karibu za hatua ya 3 zisogeze hatua moja kwako. Draivu piga tu mpira wa karibu kabisa, ule unaougusa unapoanza kunyanyuka. Iliyobaki yote zuia, na unapozuia acha mikono ipande pamoja na mpira, gongo liende juu kidogo bila kulala. Ukiona kifua chako kimesimama kama umemeza kijiti, umechelewa kusoma, huo ulikuwa wa mguu wa nyuma.

Na zuri lake lipo: mkeka uliokazwa vizuri unarusha sawasawa. Ukishaujua, mpira hauna visirani. Uliolegea ndo mbaya, mpira mmoja unalala mwingine unakurukia kidevuni, kwahiyo dakika kumi za kuvuta mkeka na kugongelea misumari siyo kazi ya wadogo peke yao.

Sasa vaa kila kitu, mpira mgumu, mwenzio arushe kwa mkono kutoka mita kumi na tatu hivi. Mipira kumi na mbili ya kuzuia, kumi na mbili ya draivu, alafu kumi na mbili ya kuchanganya ikiwemo mifupi bila kukuambia. Ile ya kuchanganya ndo mtihani. Ukiuvukia mpira mfupi hata mmoja, umeanza kuamua mapema tena, toa chaki.

Ulivyotoka ndo ugonjwa wako

Vijiti vimeangushwa na mpira uliopita kati ya gongo na pedi: kichwa hakikwenda, mikono ilienda peke yake. Hatua ya 4, zoezi la kuanguka, kila siku wiki nzima.

LBW zaidi ya mara moja mwezi huu: mguu unatua juu ya mstari. Mwenzio aweke ndala moja hasa pale mguu wako unapokosea kutua, ukiikanyaga anza upya. Inaudhi lakini inaponya.

Umedakwa kava: ulipiga draivu mpira ambao haukuwa wa karibu kiasi hicho, ulinyoosha mikono kuufuata. Au gongo ni zito, pima tena.

Umedakwa midoni: mkono wa kulia umebana. Soksi, mkono mmoja.

Umedakwa na kipa au slipu: hapa kuwa mkweli. Wakati mwingine mpira ulikuwa mzuri tu, mpe mrushaji heshima yake. Lakini kama ulikuwa nje kabisa ya ofu na ukaenda kuutafuta, hilo siyo tatizo la mguu, uache upite, hakuna aliyekulazimisha.

Utafanya kwa muda gani

Wiki ya kwanza hatua 1 mpaka 4, bila mpira mgumu. Wiki ya pili kuzuia na soksi. Wiki ya tatu draivu na mkeka. Siku tatu kwa wiki, dakika arobaini, soksi kila siku. Ukiwa na miaka kumi na mbili au kumi na tatu ongeza wiki kwa kila kitu, mwili bado unarefuka na kila mwezi miguu inakuwa mipya.

Mechi ikija kabla hujamaliza, cheza kama ulivyozoea, usijaribu kubadilisha mguu katikati ya ova (ile mipira sita ya mrushaji mmoja) na watu wanakuangalia.

Na video. Mkinitumia tumeni mbili, moja simu imekaa nyuma ya mrushaji nje ya neti, nyingine pembeni yako upande wa ofu usawa wa kiuno, mipira sita kila moja, usikate ile uliyokosa. Pamoja na picha ya alama za chaki. Isiyo na chaki sifungui.